Mfungaji na Aliyefungwa

Wapendwa wa usharika huu, mtu nitakayewasimulia habari zake asubuhi ya leo msimtafute magazetini, wala msiwaulize wajukuu wenu kama wanamfahamu. Nimemtunga, ili aseme jambo ambalo mimi nikilisema peke yangu mtalisahau kabla hamjafika getini. Nikamfanya Mjerumani, kwa maana ningemfanya mtu wa hapa kwetu, kila mmoja wenu angegeuka kumtazama jirani yake na kusema moyoni, “Leo anasemwa yule.” Tena nikamfanya mchezaji wa mpira, mshambuliaji, kwa sababu nimewaona vijana wa benchi za nyuma: huinua vichwa pale tu mpira unapotajwa. Naona wameshainua. Karibuni, wanangu.

Mtu huyo alizaliwa katika mji wa makaa ya mawe. Makaa ya huko hayaokotwi juu ya ardhi. Watu huingia katika kizimba cha chuma, wakateremshwa kwa kamba hadi mahali ambapo jua halijawahi kufika, wakachimba humo mchana kutwa, kisha jioni wakapandishwa wakiwa weusi, macho na meno tu yakionekana. Baba yake alikuwa mmoja wao. Jioni moja kizimba kiliwapandisha wenzake, yeye hakuwamo. Mwamba ulikuwa umemshukia.

Mama akabaki na wavulana wawili. Akawa dobi wa nguo za wachimbaji, na wale wavulana wakawa mikono yake: kuchota maji, kusugua, kukamua, kuanika. Mkubwa alikuwa kipa. Mdogo alikuwa mfungaji. Uwanja wao ulikuwa pale pale uani, kati ya nguzo mbili za kamba ya kuanikia, na wavu wao ulikuwa mashuka ya watu.

“Piga vizuri,” mkubwa alikuwa akisema. “Ukilichafua shuka, utalifua wewe.”

“Simama vizuri wewe. Nikikufunga, unalifua wewe.”

“Unifunge mimi? Kakojoe ulale, mtoto.”

Hivyo ndivyo walivyokua. Basi siku moja akaja bwana mmoja kutoka klabu kubwa ya mbali, amevaa koti refu, filimbi shingoni. Akawakusanya vijana wa mji mzima akasema, “Nina nafasi moja.” Hakusema ni ya beki wala ya kipa. Nafasi moja, basi. Aliwajaribu tangu asubuhi, akiwaondoa mmoja mmoja, na jua lilipoanza kupungua nguvu walibaki wawili. Walikuwa ndugu wa tumbo moja.

“Ninyi ni ndugu?” akauliza.

“Ndiyo, bwana.”

“Basi mnisamehe, maana nafasi haigawanyiki. Mdogo atapiga penalti, mkubwa atadaka. Ikiingia, naondoka na mdogo. Isipoingia, naondoka na mkubwa.”

Watu waliokuwa kando ya uwanja walijua kilichokuwa kikipimwa pale kuliko yule bwana mwenyewe alivyojua. Katika mji ule, kijana aliyekosa pa kwenda alikuwa na mahali pamoja tu pa kwenda, napo ni chini, kwenye kizimba.

Mdogo akapiga. Wanangu mnaojua mpira, niwaambie kweli: halikuwa shuti. Mguu uliteleza, mpira ukaenda ukidundadunda, mpira ambao mama mwenye mtoto mgongoni angeuzuia kwa pindo la kanga. Kipa akajitupa kifudifudi, mikono ameitanua, na mpira ukapita chini ya kwapa lake ukaingia golini. Uwanja mzima ukaangua kicheko. Yule bwana akamshika mdogo bega. Naye mdogo, kwa furaha na kwa woga uliokuwa ukimtoka, akamgeukia kaka yake aliyekuwa bado amelala chini, akapaza sauti: “Mikono ya sabuni!”

Watu wakacheka zaidi.

Niwaulize, ndugu zangu. Neno hilo lilikuwa na ubaya gani? Mtoto amefurahi, amemtania nduguye. Humu ndani nani hajamtania nduguye? Lakini mimi hujiuliza: sabuni ile ilikuwa imemlisha nani?

Mdogo akaenda. Nisiwachoshe kwa safari yake, itoshe kusema alikuwa mfungaji kweli kweli. Alifunga kwa kichwa, kwa kisigino, kwa goti, mara moja hata kwa bega. Alijua kusimama sambamba na beki wa mwisho kama uzi uliovutwa, haotei, mshika kibendera anamtazama hadi macho yanamtoka machozi. Ikafika wakati makipa wakimwona anakuja waliwaita mabeki wao kama mtu aliyemwona nyoka jikoni. Akavaa jezi ya taifa lake. Nchi nzima ikalijua jina lake.

Nchi nzima ikaijua na staili yake. Mnajua kwamba kila mfungaji ana namna yake ya kushangilia. Yupo anayecheza ngoma kwenye kibendera cha kona, yupo anayepiga magoti. Huyu, kila alipofunga, alijitupa chini kifudifudi, akatanua mikono, akauacha mpira wa kuwaziwa upite chini ya kwapa lake. Watu walipenda mno. Mtangazaji mmoja akamwuliza maana yake.

“Ni kaka yangu huyo,” akajibu. “Goli langu rahisi kuliko yote nilimfunga yeye. Ana mikono ya sabuni. Hata salamu ukimpa inamteleza.”

Mtangazaji alicheka hadi akashika meza. Tangu siku hiyo watoto wa shule wa nchi nzima wakifunga goli walianguka hivyo, na jambo hilo likapata jina. Likaitwa “sabuni”.

Na kaka? Kaka alikuwa chini. Alishuka kwa kizimba asubuhi, akapanda jioni, na katika chumba ambamo wachimbaji walinawa kulikuwa na televisheni. Akiingia amechoka, vumbi kifuani, wenzake walimpokea kwa kelele.

“Sabuni! Mdogo wako amekuangusha tena leo!”

“Amefunga?”

“Mawili.”

“Basi vizuri.”

Hilo tu ndilo lililokuwa jibu lake. Akanawa, akaenda nyumbani.

Sikukuu ya Krismasi mfungaji huja kumwona kaka, mkewe na watoto wao. Anakaa kidogo, simu inalia, anaondoka. Mwaka mmoja, baada ya chakula, wanawe yule kaka walimwomba baba mdogo awaonyeshe ile staili yenyewe, pale pale sebuleni. Akaanguka kwenye zulia. Watoto wakacheka, mama yao akatoka kwenda jikoni. Kisha binti mdogo akamwendea baba yake akamwuliza taratibu, “Baba, ni kweli ulianguka hivyo?”

“Ni kweli, mwanangu,” akasema. “Mpira ulipita.”

Lisikilizeni vizuri jibu hilo. Hakudanganya. Wala hakuongeza neno.

Miaka ikaenda jinsi iendavyo. Goti la mfungaji likaanza kusema. Akawekwa benchi, kisha akawekwa benchi zaidi, na vijana wenye miguu mipya wakachukua namba yake. Yule aliyewafanya makipa wapige kelele sasa alipigiwa makofi ya huruma akiingia dakika za mwisho. Akatundika daluga.

Sasa, kule katika mfano wangu wana desturi moja ambayo lazima niwaeleze. Mchezaji mkubwa akistaafu huandaliwa mechi ya kuagwa. Wakongwe wenzake huitwa, matumbo yamewatangulia, wakacheza kwa heshima yake. Na kabla mechi haijaisha ni sharti afunge. Beki atajikwaa mahali pasipo na kitu. Refa atatoa penalti ambayo hakuna aliyeiona. Kipa ataruka upande ambao mpira hauendi. Kila mtu anajua, na hakuna anayesema. Ndiyo zawadi yao.

Mfungaji akawaza, nani akae golini siku hiyo? Akaona kwamba hakuna kichekesho kizuri kuliko kimoja. Akapiga simu nyumbani.

“Kaka, nataka ulinde goli siku ya kuagwa kwangu.”

“Mimi? Kifua changu hiki? Ngazi tu zinanishinda.”

“Utasimama tu. Mwishoni kutakuwa na penalti, wewe unaanguka kama siku ile, uwanja wote unacheka, tunakumbatiana. Watu watafurahi.”

“Watamcheka nani?”

“Utani tu, kaka. Na wewe!”

Kisha kaka akasema, “Nitakuja.”

Akaja kwa treni. Akavaa jezi ya kipa iliyombana tumboni, akatembea hadi golini huku uwanja mzima ukiimba, “Sabuni! Sabuni!” Aliwapungia mkono. Mechi ikachezwa kama zinavyochezwa mechi hizo, kwa vicheko na kwa kuhema. Mwishoni beki akajikwaa, refa akapuliza, mpira ukawekwa. Mfungaji akamkonyeza kaka yake. Kisha, kwa kuwa ilikuwa mara yake ya mwisho na hakutaka watu waseme amefunga kwa mguu wa kizee, akapiga kwa nguvu zake zote. Lilikuwa shuti la chini, kwenye pembe, lile ambalo makipa wa mataifa walishindwa kulifikia.

Kaka akaruka. Akaudaka mpira kwa mikono yote miwili, akaukumbatia kifuani, akaanguka nao. Akasimama polepole, anakohoa, kifua kinapiga filimbi kuliko ile ya refa, na mpira haukumtoka.

Kisha sauti zikaanza: “Mzee, umetuharibia sherehe!” Wengine wakamzomea. Refa akamaliza mechi, kwa maana hakujua afanye nini kingine.

Ndani ya chumba cha kubadilishia nguo mfungaji alisubiri hadi wenzake walipotoka.

“Kaka, umefanya nini? Watu wote wale walikuja kuniona nikifunga.”

“Wamekuona miaka yote ukifunga.”

“Lilikuwa bao la kuagwa! Kila mtu anajua. Unauacha upite, basi. Kuna ugumu gani?”

“Hakuna ugumu,” kaka akajibu, anavua jezi. “Mimi najua namna ya kuuacha upite.”

Kwa mara ya kwanza katika maisha yake mfungaji aliufikiria mpira ule wa utotoni kama mtu mwenye ufundi wake. Mpira uliodundadunda. Mpira wa kuzuiwa kwa pindo la nguo. Mtu anayeweza kudaka shuti la leo, akiwa na umri huu na kifua hiki, ule ulimpitaje?

“Siku ile,” akasema. “Siku ile wewe…”

“Tangu baba afe ulikuwa ukilala umeshika shati langu. Taa ikizimwa unatetemeka mpaka kitanda kinalia. Ningeudakaje ule mpira, mdogo wangu? Mimi niende mjini, wewe ushuke kule gizani?”

“Kwa nini hukuniambia?”

“Ningekuambia, ungefunga tena? Mfungaji anaishi kwa kuiamini miguu yake. Nilitaka uiamini.”

Mfungaji akaketi. “Nisamehe, kaka. Nafasi yako niliila mimi.”

“Hukuila. Nafasi nilikupa, wala sijawahi kuijutia.” Kaka akakohoa, akasubiri pumzi irudi. “Lakini kicheko sikukupa. Hicho ulijichukulia mwenyewe.”

Akavaa koti lake, akasema treni haimsubiri mtu, akatoka kwa mlango wa nyuma.

Mfungaji akabaki ameketi. Kisha akainuka, akakimbia kumfuata, na pale mlangoni akakutana na watoto, kundi zima, wamemsubiri. “Tuonyeshe sabuni!” wakamwambia. “Mara moja tu, tuonyeshe!” Akatikisa kichwa. Akajaribu kupita. Wao wakadhani amesahau namna inavyofanywa, wakaamua kumkumbusha: wakajitupa kifudifudi miguuni pake, mmoja baada ya mwingine, mikono wameitanua, wakicheka, wakidhani kwamba wanamheshimu. Angewaambia nini? Angewakemea kwa kosa gani? Yeye ndiye aliyewafundisha. Treni ikapiga honi, ikaondoka, naye yuko pale pale katikati ya watoto walioanguka.

Mfano wangu unaishia hapo. Sikuuandikia mwisho mwema, ingawa ningeweza, kwa kuwa kalamu ilikuwa yangu. Nimeogopa kwamba ningewapatanisha wale ndugu wawili hapa mimbarani, ninyi mngekwenda nyumbani mmetulia.

Sasa tuachane na Ujerumani. Lugha yetu, wapendwa, ina neno la ajabu. Mshambuliaji tunasema amefunga, na kipa tunasema amefungwa. Na mtu aliyetiwa kamba mikononi tunamwitaje? Naye tunasema amefungwa. Tumezoea kudhani kwamba aliyefungwa ni aliyeshindwa. Hatuulizi kama alikubali.

Nanyi mnajua ninakokwenda. Yupo mmoja aliyekubali kufungwa mikono, naye alikuwa na uwezo wa kuzikata kamba zile. Wapita njia wakasimama chini yake wakamcheka kwamba hawezi kujiokoa. Waliokuwa wakicheka ndio hao hao aliokuwa akiwapa nafasi. Kila Ijumaa Kuu tunawashangaa watu wale. Tunasema, walikuwa vipofu kiasi gani! Kisha tunarudi nyumbani, tunaketi mezani.

Tuangalie mezani kwetu basi. Nyumba nyingi za hapa zilikuwa na nafasi moja ya shule. Watoto watano, nafasi moja. Jioni moja dada mkubwa akasema, “Mimi shule siipendi, mpelekeni huyu.” Akabaki shambani na mama. Wewe ukaenda, ukasoma, ukapata kazi mjini, na leo unakuja likizo. Watoto wako wanauliza kwa nini shangazi anampa mtu mwingine amsomee maandishi kwenye chupa ya dawa. Nawe unacheka, unawajibu: “Shangazi yenu kichwa chake kilikuwa kigumu. Shule ilimkimbia.” Shangazi naye anacheka pamoja nanyi. Anakuongezea mboga sahanini.

Nani alikuambia kwamba kilikuwa kigumu? Ulikipima lini? Umewahi kumwuliza, hata mara moja, mkiwa wawili peke yenu, kama kweli hakuipenda shule?

Sitaki mtu atoke hapa akisema mzee amefundisha kwamba kila aliyebaki nyuma alijitoa. La. Mara nyingine mpira hupita tu. Mara nyingine kichwa kilikuwa kigumu kweli, hata changu. Lakini wewe hujui. Umecheka miaka yote bila kujua, na watoto wako wamejifunza kicheko hicho kutoka kinywani mwako, nao watawafundisha watoto wao. Nafasi uliyopewa unaweza kuitolea shukrani hata leo. Kicheko ulichokitawanya utakwenda kukiokota wapi?

Na ninyi mliouacha mpira upite, ninaofahamu kwamba mmo humu, sitawatazama mlipoketi. Mmenyamaza muda mrefu, nami sina haki ya kuuvunja ukimya wenu. Nawaombea tu kifua.

Sisi wengine, tuliofunga magoli yetu tukashangiliwa, tunayo kazi. Kwa kawaida ibada ikiisha mnajipanga mlangoni, tunashikana mikono, mnaniambia, “Mzee, neno limetugusa.” Leo nawaomba msijipange. Piteni. Aliye na mtu wa kumwendea aende kwake kwanza akiwa bado amevaa nguo za ibada, ampe mkono huo aliotaka kunipa mimi. Akimwuliza, “Kuna nini leo?” asikimbilie mzaha. Akae chini. Amwulize ilikuwaje siku ile, kisha, kwa mara moja maishani, amwache yeye aseme hadi amalize.

Amina.